Mwalimu Breki, Mtu wa Kuona Mambo Yakija

Ukitaka kumuudhi Mwalimu Breki hukuwa na haja ya kumtukana wala kumkanyaga mguu. Ilitosha kusema mbele yake kwamba maisha hayatabiriki.

Maneno hayo yalikuwa kila pembe ya mtaa. Yaliandikwa nyuma ya malori kwa rangi ya kung'aa, watu walitumiana kwenye simu na picha ya jua likizama, na hata mtu akichelewa kurudisha ngazi aliyoazima, alipoulizwa alitikisa kichwa na kusema maisha hayatabiriki, ndugu yangu. Breki akiyasikia aliweka kikombe chini, akavuta pumzi kwa pua, kisha akauliza swali lake lilelile: "Nani alikuwa anatazama?"

Alikuwa mwalimu wa udereva, tena wa siku nyingi. Kabla ya hapo alikuwa utingo wa lori, kisha dereva wa lori, hadi mgongo wake ulipomwambia basi. Jina la Breki alipewa na wanafunzi. Gari la shule ya udereva, kama ujuavyo, lina pedali ya breki ya pili upande wa mwalimu, ili mwanafunzi akitaka kuingia dukani kwa mtu na gari lote, mwalimu amzuie. Mguu wa Breki ulikuwa umeizoea pedali hiyo kiasi kwamba hata akiwa sebuleni kwake anatazama filamu, magari yakianza kufukuzana, alikanyaga zulia. Zulia lenyewe lilikuwa limetoboka mahali hapo.

Darasani alikuwa na fundisho moja kuu, na aliliandika ubaoni kwa chaki kabla hata ya kujitambulisha: Barabara haina ghafla.

"Mpira ukivuka barabara," aliwaambia, "mtoto yuko nyuma yake, anakuja. Mlango wa gari lililoegeshwa ukiwa na kichwa dirishani, utafunguliwa. Aliyegonga akasema 'alitokea ghafla' anasema uongo. Hakutokea ghafla. Alikuwa anakuja, wewe ulikuwa unatafuta kituo cha redio."

Angeishia barabarani, hakuna ambaye angemlaumu. Tatizo ni kwamba fundisho hili alilibeba hadi mitaani. Jirani yake fundi viatu alipoezuliwa paa na upepo, watu walikwenda kumpa pole, naye Breki alikwenda, akasimama katikati ya chumba kisicho na paa, akatazama juu, akasema misumari ya upande ule ilikuwa imelegea tangu mwaka juzi na yeye alikuwa akiisikia ikigonga kila kukivuma. Alisema kweli. Lakini hakuna aliyemkaribisha chai siku hiyo.

Na kinyozi ndiyo usiseme. Kinyozi huyu aliachwa na mkewe, na alipoulizwa ilikuwaje alisema tu, kwa sauti ya chini, maisha hayatabiriki. Breki alikuwa amekaa kwenye kiti, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Akamwambia kupitia kioo, "Mkeo alikuwa anahamisha vyombo kwenda kwa dada yake. Leo sufuria, kesho mwiko. Mpaka ukawa unakula kwenye mfuniko. Kweli hukuona?" Kinyozi alimaliza kunyoa, akapangusa shingo, akapokea fedha yake. Ila siku hiyo Breki alitoka pale na kisogo kilichopinda kidogo, na watu wakaona amestahili.

Mkewe alikuwa na duka dogo la nyuzi, zipu na vifungo, na mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Jioni mumewe akirudi alimuuliza, huku akimvulia mfuko begani, "Haya mwalimu, leo umetabiri nini?" Breki hakugundua kamwe kwamba anataniwa. Alikaa, akavua viatu, akaanza kumweleza.

Hapo mwanzo wa ndoa yao, Breki aliwahi kujaribu kumfundisha mkewe gari. Walikwenda kwenye uwanja wa mpira asubuhi, wakiwa wenye furaha kabisa. Alimwambia achie klachi polepole. Gari likaruka kama chura. Akamwambia nimesema polepole. Likaruka tena. Akamwambia polepole ni neno la kawaida, hata watoto wanalijua. Mama Vifungo akazima gari, akashuka, akafunga mlango kwa adabu na kurudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo, wageni wakija, Breki alipenda kusema, "Mke wangu ana mikono ya ajabu, lakini mguu wa gari hana. Mimi niliona mapema kwamba huyu haendeshi maisha yake yote." Mama Vifungo alikuwa akimimina chai huku akisikiliza.

Miaka ikaenda. Binti yao akakua, akaolewa mji mwingine, akapata watoto. Na polepole, bila kubisha hodi, ukungu ukaingia katika jicho la kushoto la Breki, kisha ukaanza kuchungulia la kulia.

Yeye hakuuita ukungu. Kwanza aliuita vumbi. Kisha aliuita kioo kichafu, na kila asubuhi alifoka kwamba siku hizi hakuna anayejua kuosha kioo cha gari. Wanafunzi, ili kumridhisha, wakawa wanakuja mapema na matambara yao, wanasugua kioo mpaka ndege wanakigonga. Breki akiingia anasema bado. Nyumbani alilaumu balbu. Alisema viwanda vinadanganya watu, balbu za zamani zilikuwa zinawaka. Mama Vifungo alinunua balbu nyingine. Akanunua nyingine tena. Sebule yao ikawa inang'aa kama chumba cha upasuaji, na Breki bado alikuwa anasogeza gazeti huku na huku akitafuta mwanga.

Siku ya siku ilikuwa asubuhi njema yenye jua. Uwanja wa shule ya udereva ulikuwa na mapipa yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, yamepangwa ili wanafunzi wajifunze kuegesha kwa kurudi nyuma. Mwanafunzi mmoja, muuguzi aliyekuwa hodari wa kila kitu isipokuwa rivasi, alikuwa amelikosa lango la mapipa kwa mara nyingine, na Breki akaishiwa subira.

"Shuka," alisema. "Nyote njooni mtazame. Mtu haegeshi kwa kuomba Mungu. Anaegesha kwa kutazama."

Akaingia kwenye kiti cha dereva, akarekebisha vioo, akatia rivasi, akarudi nyuma kwa mwendo wa madaha, mkono mmoja kwenye usukani. Pipa la kushoto likaanguka, likabiringika uwanja mzima kwa kelele zake zote, likaenda kutulia mlangoni mwa ofisi.

Breki alishuka, akatazama pale pipa lilipokuwa, akauliza, "Nani amelisogeza hili?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu pipa lile lilikuwa limekaa mahali pamoja tangu shule ifunguliwe, na chini yake majani yalikuwa yamekufa kwa umbo la duara. Muuguzi alimsogelea, akamtazama usoni kwa jicho la kazi yake, akamuuliza taratibu, "Mwalimu, mkono wangu huu unauona?" Alikuwa ameunyoosha upande wa kushoto. Breki akamwambia asilete mchezo wa hospitali kwenye uwanja wa gari. Lakini hakusema kama anauona.

Mkuu wa shule, mtu mnene mpole aliyechukia ugomvi, alitoka ofisini akalikwepa pipa, akanyoosha kiganja kuomba ufunguo. Alimwambia Breki apumzike kidogo, na kwamba ameshampigia shemeji simu aje kumchukua. Breki akasema mkewe atakuja na nini, kwa miguu? Mkuu wa shule akakohoa, akarudi ndani.

Basi Breki akakaa kwenye benchi chini ya kibanda cha mabati, wanafunzi wamemzunguka kama watu walio msibani, na kwa kuwa hakujua kukaa bila kufundisha, akaendelea kufundisha. Ndipo gari dogo jeupe likajitokeza langoni.

"Haya, tazameni yule," alisema Breki, akinyoosha kidole. "Mnaona ametoa indiketa kabla hajafika? Mnaona amepunguza, akamwacha yule mwenye baiskeli apite? Huyo amesoma."

Gari likaingia uwanjani, likasita, likatia rivasi. Likarudi nyuma katikati ya mapipa, pale pale palipotokea ajali, likasimama sawasawa, utadhani limechorwa.

Breki alijipiga paja. "Basi hicho ndicho ninachowaambia kila siku. Sijui huyo ni nani, lakini aliyemfundisha ni mwalimu. Mkamwombe awaonyeshe."

Mlango ukafunguliwa, akashuka Mama Vifungo na mkoba wake wa dukani, uzi mweupe umemganda kwenye bega.

Breki hakumtambua kwa sura, maana kwa umbali ule kila mtu alikuwa kivuli tu. Alimtambua kwa jinsi alivyofunga mlango kwa adabu. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Wanafunzi wakatazama viatu vyao. Muuguzi, ambaye huruma ilimzidi, akamshika mkono na kusema, "Ndiyo hivyo, mwalimu. Maisha hayatabiriki."

Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona Breki akisikia maneno hayo na kukosa la kujibu.

Walirudi nyumbani na gari lile. Mama Vifungo aliendesha mikono miwili kwenye usukani, hana haraka na mtu. Breki alikaa kando yake akikanyaga sakafu tupu kila walipofika penye watu. Walipovuka soko ndipo akauliza.

"Gari la nani hili?"

"La Dada Gia."

Dada Gia alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, msichana aliyekuwa akiingiza gia kwa nguvu kama anang'oa muhogo, na ambaye sasa alikuwa amefungua shule yake mwenyewe upande wa pili wa soko. Breki alikuwa amesema shule hiyo haitamaliza mwaka. Ilikuwa inastawi.

"Yeye ndiye aliyekufundisha?"

"Yeye. Anasema nina mguu mzuri."

Breki akageukia dirisha. "Na mimi ulinificha."

"Sikukuficha, baba. Nilikuambia mezani, nikasema nakwenda kujifunza gari kwa Dada Gia. Ukacheka mpaka chai ikakupalia, ukasema niwasalimie."

Alikumbuka. Alikumbuka pia viatu vya kisigino ambavyo mkewe aliacha kuvaa siku za kazi, na ile tabia mpya ya kutazama kioo cha kabati, kushoto, kulia, kabla ya kuondoka kitandani. Yeye alidhani ni urembo. Kuna siku alimsikia usingizini akisema "klachi", akamgeuza upande wa pili.

"Lakini kwa nini?" aliuliza. "Miaka yote hii, kwa nini sasa?"

Mama Vifungo alisubiri mpaka wakavuka njia panda, kwa sababu alikuwa amefundishwa kutozungumza njia panda. "Ilikuwa siku ile ulipoingia ndani ukanisalimia, ukaniambia habari za kutwa nzima, na yule mkuu wa shule alivyokuudhi, mpaka mwisho. Mimi nilikuwa jikoni. Ulikuwa unaongea na koti langu, nimelitundika mlangoni."

Breki akakanyaga sakafu, ingawa mbele yao hapakuwa na mtu.

"Nikaona hili jambo linakuja," aliendelea mkewe. "Nikikuambia macho, unasema balbu. Nikasema basi, acha angalau mmoja wetu awe anaweza kuendesha siku likifika."

Jioni ile Breki alikaa sebuleni chini ya zile balbu zake kali, akageuza mambo kichwani, na kila upande alioligeuzia jambo hili lilimchoma. Akikubali kwamba maisha hayatabiriki, itabidi akamwombe radhi fundi viatu, kinyozi na wengine wengi, orodha ndefu. Akishikilia kwamba kila kitu huonekana kikija, basi yeye ndiye aliyekuwa anatafuta kituo cha redio. Akajaribu mlango wa tatu. Alimwita mkewe akamwambia kwamba kwa kweli alijua muda wote, alikuwa anampima tu. Mama Vifungo alisimama na sahani mkononi, akamtazama, akaendelea kumtazama, mpaka Breki mwenyewe akasema, "Basi, hilo liache."

Hospitali walikwenda wiki hiyohiyo. Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza. Alimuuliza tatizo lilianza lini.

"Ghafla," alisema Mwalimu Breki.

Mama Vifungo akakohoa. Daktari akaweka jicho lake kwenye chombo, akachungulia, akasema, "Mzee wangu, huyu mtoto wa jicho si mtoto tena. Huyu ni kijana, karibu anaoa." Akawaeleza kwamba ataondolewa, kwamba ni upasuaji mdogo unaofanywa kila siku, na kwamba jicho la pili pia litahitaji kuangaliwa mbele ya safari.

Kwenye korido walikaa wakisubiri kupangiwa siku. Breki akamwinamia mkewe, akasema kwa sauti ambayo mtu mwingine asingeisikia, "Na wakilifungua nisione?"

"Nitaendesha mimi," alisema Mama Vifungo. "Na wewe utakuwa unanikera hapo pembeni."

Akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka walipoitwa.

Kabla ya siku ya upasuaji Breki alikwenda kwa kinyozi, maana hakutaka kulala mbele ya madaktari na nywele za porini. Kinyozi alimfunga shuka, akaanza kazi. Duka lilikuwa tupu. Breki akasema kupitia kioo, "Yale niliyokuambia ya vyombo. Hayakuwa ya kusema."

Kinyozi aliendelea kunyoa. Alipofika nyuma ya sikio akasimama.

"Mimi niliona, mwalimu," alisema. "Sufuria ya kwanza ilipoondoka niliona. Ule mwiko niliuona ukitoka umefungwa kwenye kanga. Nilinyamaza nikidhani nikinyamaza utarudi."

"Sasa kwa nini unawaambia watu maisha hayatabiriki?"

"Wanakuja hapa, wanakaa kwenye kiti hicho, wananiuliza ilikuwaje. Nianze kuwaeleza mwiko? Nikisema hivyo wanatikisa kichwa, wanasema kweli kabisa, wananiacha ninyoe."

Maisha yake yote Breki alikuwa amedhani watu husema maneno yale kwa sababu hawakutazama. Haikuwahi kumjia kwamba wengine walitazama vizuri sana, na wanayasema kama mtu anavyorudishia mlango wa chumba ambacho hajakifagia. Alimlipa kinyozi, akamshukuru, akatoka. Safari hii kisogo kilikuwa kimenyooka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipoondolewa alikuta mambo mawili ya kushangaza. La kwanza, nyumba yake ilikuwa imepakwa rangi ya krimu, na yeye alikuwa akiamini ni ya kijivu na amekuwa akiilalamikia. La pili, kioo cha mbele cha gari la shule kilikuwa kisafi kuliko kioo chochote alichowahi kukitazama. Aliwaomba wanafunzi msamaha, akawaambia wapumzishe matambara. Muuguzi alikuwa amekwisha kufaulu mtihani wake, rivasi ikiwemo, na alimletea salamu.

Darasani aliendelea kuandika ubaoni kwamba barabara haina ghafla, maana kwa upande wa barabara bado aliamini hivyo, na mimi sioni kama alikosea. Lakini alipunguza kulitembeza fundisho hilo mitaani. Mtu akimwambia maisha hayatabiriki, alimtazama kwanza, akapima kama huyu anazungumzia ngazi ya watu asiyotaka kuirudisha au anazungumzia mwiko. Wa ngazi alimuuliza swali lake kama zamani. Wa mwiko alimwambia pole, akamvutia kiti.

Likizo ya shule ilipofika, wakaazima lile gari jeupe la Dada Gia kwenda kuwatembelea wajukuu. Binti yao aliposikia honi alitoka mbio na taulo la jikoni mkononi, akaenda moja kwa moja upande wa dereva kumkumbatia baba, akamkuta mama. Alirudi nyuma hatua moja, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Baba, umekubali?"

"Nilimfundisha zamani sana," alisema Breki akishuka, "kwenye uwanja wa mpira. Ila alichelewa kuelewa."

Mama Vifungo alicheka mpaka akaegemea boneti. Wakaingia ndani, wakala, watoto wakawapanda mabegani. Alasiri ukazuka ubishi nani ataendesha kurudi. Breki alisema daktari amemruhusu. Mama Vifungo alisema Dada Gia amemwazima gari yeye, si mumewe. Binti akaombwa kuamua, akakataa katakata kuingia hapo. Walibishana mpaka chai ikanywewa ikaisha, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa, wakaomba magodoro wakalala hukohuko.